Jinsi ya kufuatilia ruzuku za Korona zilizolipwa mashambani, hatua kwa hatua

Mwaka 2020 serikali ya Marekani iliwalipa wakulima na wafugaji wake zaidi ya dola bilioni 45, kiasi ambacho hakikuwa kimefikiwa mwaka wowote kabla ya hapo. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa msaada wa Korona. Shule na mikahawa ilikuwa imefungwa, maziwa yakamwagwa kwa kukosa mnunuzi. Kwenye machinjio ya jimbo la Iowa, wanakofanya kazi Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, watu waliugua na viwanda vikasimama mwezi Aprili, mifugo ikabaki zizini bila soko. Msaada ulihitajika na siupingi. Ninachokitetea ni haki ya mlipa kodi kujua fedha yake ilimfikia nani, ilikuwa kiasi gani, na ilitolewa kwa kanuni ipi.

Hiyo ya tatu, kanuni, ndiyo wengi wanaisahau. Watu hupata orodha ya majina, wakaona fulani kalipwa dola 200,000, wakapiga kelele. Jina na kiasi peke yake havisemi kama mtu huyo kaiba, kastahili, au kapunjwa. Mpaka uweke kanuni ya malipo kando ya jina ndipo orodha inaanza kusema kitu.

Mwongozo huu ni wa mwandishi wa habari, mwanafunzi, mwanachama wa ushirika, na yeyote mwenye kompyuta na subira. Nimeuegemeza Marekani kwa sababu malipo ya wakulima huko yamewekwa wazi hadi jina la mlipwaji, na anayejua kuyasoma anajua pia adai nini kwingine. Mwishoni kuna barua ya kuombea habari kama hizo nchini Kenya, ambako sheria inakuruhusu kuiandika kwa Kiswahili.

Hatua ya 1: Amua unafuatilia mfuko gani

Usianze na "ruzuku za Korona" kwa jumla, utapotea. Fedha zilipita kwenye mifereji kadhaa, na kila mfereji una rekodi zake.

Mfereji mkuu ulikuwa Coronavirus Food Assistance Program, unaojulikana kwa kifupi kama CFAP. Ulitangazwa Aprili 2020 na Wizara ya Kilimo, USDA, ukiwa na dola bilioni 16 za kuwalipa wakulima moja kwa moja. Kati ya hizo, bilioni 9.5 zilitoka kwenye sheria ya msaada wa Korona iitwayo CARES, iliyotiwa saini Machi 27, 2020, na bilioni 6.5 zilitoka kwenye shirika kongwe la wizara hiyo linaloitwa Commodity Credit Corporation. Maombi yalianza kupokelewa Mei 26. Septemba ikaja awamu ya pili, CFAP 2, yenye hadi dola bilioni 14, na mwaka 2021 serikali mpya ikaifungua tena kwa waliokuwa hawajaomba.

Mfereji wa pili ni mikopo ya kulipia mishahara, Paycheck Protection Program au PPP, iliyosimamiwa na wakala wa biashara ndogo, SBA. Mashamba mengi yalichukua mikopo hiyo, na mingi ilisamehewa.

Mfereji wa tatu ni ununuzi wa vyakula vya kugawiwa familia zenye uhitaji. Hiyo ni mikataba ya kibiashara, na nitaipita haraka: mikataba ya serikali hutafutwa kwenye USAspending.gov kwa jina la kampuni, na hakuna ugumu mkubwa.

Kama ni mara yako ya kwanza, anza na awamu ya kwanza, CFAP 1. Kanuni zake ni za hesabu rahisi, na majina yapo.

Hatua ya 2: Tafuta kanuni kabla ya majina

Najua hamu ya kufungua orodha moja kwa moja. Izuie. Soma kwanza jinsi malipo yalivyokokotolewa, uandike kwenye karatasi moja utakayoiweka karibu.

Chukua ng'ombe wa nyama walionenepeshwa, wale walio tayari kwa machinjio. Chini ya CFAP 1, mfugaji alilipwa dola 214 kwa kila ng'ombe wa aina hiyo aliyemuuza kati ya Januari 15 na Aprili 15, 2020. Kwa ng'ombe waliobaki zizini kati ya Aprili 16 na Mei 14, alilipwa dola 33 kwa kichwa. Sasa mpe mfugaji wa mfano wako ng'ombe 400 waliouzwa na 300 waliobaki. Waliouzwa ni dola 85,600. Waliobaki ni dola 9,900. Jumla ni dola 95,500. Lakini wizara ilianza kwa kulipa asilimia 80 tu, ikihofia fedha zisitoshe, kisha asilimia 20 ikafuata baadaye. Kwenye rekodi, kwa hiyo, utegemee kuona dola 76,400 kwa tarehe moja na dola 19,100 kwa tarehe nyingine. Asiyejua jambo hili ataona malipo mawili kwa mtu mmoja na kudhani kalipwa mara mbili.

Kwenye CFAP 2 viwango vilibadilika: dola 55 kwa kila ng'ombe wa nyama, dola 23 kwa kila nguruwe, wakihesabiwa waliokuwepo zizini siku aliyoichagua mfugaji mwenyewe kati ya Aprili 16 na Agosti 31, 2020, bila kuhesabu mifugo ya kuzalishia. Mahindi, soya, ngano na mazao mengine ya aina hiyo yalilipwa kwa ekari, na kiwango cha chini kilikuwa dola 15 kwa ekari.

Halafu andika ukomo. Mtu mmoja hakutakiwa kupata zaidi ya dola 250,000 kwa kila awamu. Kwa ng'ombe wa dola 214, ukomo huo unafikiwa mtu akishauza ng'ombe 1,168 hivi, idadi ambayo mnenepeshaji mkubwa anaiuza bila shida. Kampuni, na ubia wenye dhima yenye mipaka, ziliweza kufika dola 750,000 ikiwa wanahisa watatu walitoa kila mmoja angalau saa 400 za kazi au za usimamizi shambani. Ubia wa kawaida haukuwa na ukomo wake wenyewe. Kila mbia alihesabiwa ukomo wake. Na mwenye wastani wa kipato kinachozidi dola 900,000 kwa mwaka hakustahili, isipokuwa angalau asilimia 75 ya kipato hicho kilitoka kwenye kilimo.

Soma tena aya hiyo iliyotangulia, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi zilipoamuliwa. Kampuni ya watu watatu ikilipwa dola 750,000 kwenye kila awamu, yaani dola milioni 1.5 kwa jumla, inaweza kuwa haijavunja sheria yoyote. Kama jambo hilo linakukera, na mimi linanikera, lawama inamwendea aliyetunga kanuni, na huko ndiko maswali yako yanatakiwa yaelekezwe.

Hatua ya 3: Pakua faili za malipo kutoka kwa mlipaji mwenyewe

Malipo ya CFAP yalipitia idara ya wizara inayoitwa Farm Service Agency, FSA, yenye ofisi karibu kila kaunti ya mashamba. FSA huweka kwenye tovuti yake, kwenye ukurasa uitwao "chumba cha kusomea" wa sheria ya uhuru wa habari (nitaieleza Hatua ya 8), majedwali ya malipo yote ya kila mwaka. Tafuta jina hili: Payment Files Information. Chukua ya mwaka 2020 na 2021.

Faili ni kubwa, ndiyo maana zimegawanywa vipande. Excel inabeba mistari 1,048,576 kwa jedwali moja, haizidi hapo, kwa hiyo usijaribu kuunganisha nchi nzima ndani yake. Chuja jimbo moja, ulihifadhi kama faili mpya, kisha fanya kazi na nakala. Faili ya asili usiiguse kabisa. Siku mtu akikubishia takwimu utahitaji kurudi kwake.

Kuna njia ya mkato. Shirika la Environmental Working Group la Washington limekusanya malipo ya ruzuku za kilimo tangu mwaka 1995 na kuyaweka kwenye hifadhidata unayoweza kuitafuta kwa jina, kaunti au programu. Ni nzuri kwa kuonja na kwa kuona mwelekeo wa miaka mingi. Ila kabla ya kuandika lolote juu ya mtu, rudi kwenye faili ya FSA.

USAspending.gov nayo itakusaidia kupata jumla za programu nzima. CFAP 1 ina namba ya msaada 10.130. Usitegemee majina ya watu binafsi huko, maana malipo yao hufichwa au hujumlishwa pamoja.

Hatua ya 4: Jifunze kusoma mstari mmoja kwa makini

Fungua mstari wowote. Mwanzoni utakuta jimbo na kaunti ya ofisi ya FSA iliyolipa. Halafu jina la mlipwaji, anwani yake, mji, jimbo na namba ya posta. Kisha kiasi, tarehe ya malipo, jina la programu na mwaka wa programu.

Angalia kwamba kuna sehemu mbili tofauti hapo. Kaunti ya kwanza inahusu ofisi inayosimamia shamba. Anwani inahusu mahali fedha ilikotumwa. Ukiona ofisi ya kaunti ya mashamba huko Kansas imelipa mtu mwenye anwani ya Chicago, usikimbilie kuandika kwamba wakazi wa ghorofani wanalipwa ruzuku. Huenda ni mwenye ardhi anayegawana mavuno na mkulima, huenda ni mrithi, huenda ni ofisi ya mhasibu. Ni swali zuri la kuuliza, na jibu lake halimo kwenye faili.

Chuja kwa jina la programu, ukitafuta maneno kama CORONAVIRUS au CFAP, kwa sababu faili hiyo hiyo ina ruzuku za kawaida, fidia za ukame na malipo ya kuhifadhi ardhi. Kisha jumlisha kwa kila jina. Mlipwaji mmoja anaweza kuwa na mistari mingi.

Majina yatakusumbua. Kampuni moja inaweza kuandikwa kwa nukta mahali pamoja na bila nukta mahali pengine, na baba na mwanawe wanaweza kuwa na jina moja. Usiunganishe kwa jina tu. Unganisha pale jina na anwani vinapolingana vyote viwili, na visivyolingana viweke kwenye orodha ya pembeni ya kuchunguzwa kwa mkono.

Hatua ya 5: Panga kwa anwani, kisha uliza

Ukishajumlisha kwa majina, panga upya kwa anwani. Hapa ndipo utaona familia au ubia mmoja wenye kampuni nne au tano kwenye sanduku moja la posta, kila moja ikiwa imekaribia ukomo wake. Kugawa shamba katika kampuni kadhaa ni jambo la kawaida katika kilimo cha Marekani, lina sababu za kodi, urithi na mikopo, na wengi walifanya hivyo miaka mingi kabla ya Korona. Kwa hiyo nenda kwenye sajili ya kampuni ya jimbo husika, ambayo mara nyingi hutafutwa bure mtandaoni, uangalie kila kampuni iliandikishwa lini. Iliyoandikishwa mwaka 1998 ina hadithi yake. Iliyoandikishwa Juni 2020, maombi yakiwa tayari yanapokelewa, ina maswali ya kujibu.

Kisha fanya hesabu ya kurudi nyuma. Gawanya malipo kwa kiwango, uone ni ng'ombe wangapi au ekari ngapi zinahitajika kuyafikia. Halafu linganisha na ukubwa wa shamba unaoweza kuuthibitisha kwa njia nyingine, kama rekodi za ardhi za kaunti. Hesabu hii haimtii mtu hatiani. Inakuonyesha tu wapi upige simu kwanza.

Ujue pia kwamba wizara yenyewe ilitegemea sana maelezo aliyojaza mwombaji mwenyewe, ikikagua wachache baadaye. Mwaka 2022 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, iliitaka wizara ikague malipo hayo kwa ukali zaidi. Unapofuatilia mstari unaotia shaka, unafanya kazi ambayo kwa waombaji wengi haikufanyika.

Hatua ya 6: Ongeza mikopo ya mishahara

Orodha ya PPP tunayoipakua leo ilipatikana kwa kupigania. Mwanzoni SBA ilikataa kutoa majina. Julai 2020 ikatoa ya waliopata dola 150,000 na zaidi tu, tena kwa madaraja ya kiasi, bila kiasi kamili. Vyombo vya habari vilikwenda mahakamani, jaji wa Washington akaamuru orodha yote itolewe, na Desemba 1, 2020 ikatoka ikiwa na majina na kiasi kamili. Kila ninapoipakua hukumbuka kwamba bila kesi ile tungekuwa tunabahatisha.

Kupata mashamba humo, chuja kwa namba ya aina ya biashara: zinazoanza na 111 ni kilimo cha mazao, zinazoanza na 112 ni ufugaji.

Utakutana na kiasi kimoja kikijirudia tena na tena: dola 20,833. Hicho ndicho kilikuwa kiwango cha juu kwa mtu anayefanya biashara peke yake, kilichokokotolewa kwa kipato cha dola 100,000 kwa mwaka, kikagawanywa kwa miezi 12, kikazidishwa kwa 2.5. Mwaka 2021 shirika la habari la ProPublica lilichapisha uchunguzi wa mashamba hewa yaliyopata mikopo hiyo, mengine yakiwa yameandikishwa kwenye nyumba za watu ufukweni New Jersey, kwenye mchanga usioota ngano wala kulisha ng'ombe. Yalilipwa kiwango hicho hicho cha dola 20,833.

Je, kila mwenye dola 20,833 ni shamba hewa? Hapana, na hapa ndipo wachunguzi wa haraka huangukia. Sheria ya mwishoni mwa 2020 iliwaruhusu wakulima kutumia mapato ghafi badala ya faida katika hesabu ya mkopo. Mkulima halali yeyote mwenye mauzo ya zaidi ya dola 100,000 alifika kiwango cha juu kwa urahisi, na wako wengi mno. Kinachotofautisha ni uhakiki wa mahali. Weka anwani kwenye ramani ya satelaiti. Tazama sajili ya kampuni. Tafuta kama jina hilo limewahi kulipwa chochote na FSA kwa miaka iliyopita. Jina ambalo halipo popote kabla ya 2020, kwenye anwani ya nyumba iliyobanana na nyingine mjini, linastahili simu.

Hatua ya 7: Orodhesha wasioonekana

Orodha ya waliolipwa haina waliokosa. Wafugaji wanaofuga kuku au nguruwe wa kampuni kubwa kwa mkataba, wakiwa wanamiliki banda lakini hawamiliki mnyama, hawakuingizwa kwenye CFAP ya mwanzo ingawa mabanda yao yalibaki matupu. Wafanyakazi wa mashambani nao hawamo. Ukiandika kuhusu kaunti yenye mabanda mengi ya kuku na kusema "ilipata kidogo kwa hiyo haikuathirika," utakuwa umewadhulumu mara ya pili.

Faili za malipo hazina pia safu ya rangi wala kabila. Machi 2021, waziri wa kilimo Tom Vilsack aliliambia gazeti la Washington Post kwamba kati ya karibu dola bilioni 26 za msaada wa Korona, wakulima weusi walipata dola milioni 20.8, yaani kama asilimia 0.1. Takwimu hiyo ilibadili mjadala wote wa kitaifa, na hakuna raia angeweza kuipata kwa kuchambua majina. Ilikuwa ndani ya wizara.

Na kuna msaada uliopita kwenye bima. Programu moja ya mwaka 2021 na 2022 iliwapunguzia wakulima waliopanda mazao ya kufunika udongo hadi dola 5 kwa ekari kwenye ada ya bima ya mazao. Sheria ya bima ya mazao inazuia kutaja majina ya wenye bima. Hapo utapata jumla tu, usipoteze muda kutafuta zaidi.

Hatua ya 8: Omba kisichochapishwa

Sheria ya uhuru wa habari ya Marekani, FOIA, ilitiwa saini Julai 4, 1966, na inamruhusu mtu yeyote kuomba. Huhitaji uraia. Aliyeko Mwanza au Bukavu anaweza kuandika sawa na aliyeko Des Moines.

Ombi zuri ni fupi na linataja kitu kimoja. Taja programu, taja jimbo au kaunti, taja tarehe za mwanzo na mwisho, taja safu unazotaka, na omba majibu kwa jedwali la kielektroniki badala ya picha za karatasi. Taja pia kiwango cha juu cha ada uko tayari kulipa, na kama habari ni ya manufaa kwa umma, omba usamehewe ada ukieleza kwa nini. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 20 za kazi, na inaweza kujiongezea siku kwa sababu maalumu. Kwa kweli majibu huchelewa mara nyingi. Ukikataliwa, una angalau siku 90 za kukata rufaa ndani ya wizara, na kuna ofisi ya usuluhishi, OGIS, isiyotoza chochote.

Kikwazo utakachokutana nacho kina namba: kifungu cha 1619 cha sheria ya kilimo ya mwaka 2008. Kilitungwa baada ya mahakama ya rufaa ya Washington kuamua mwaka huo huo kwamba data fulani za mashamba zitolewe kwa umma. Kinazuia wizara kutoa maelezo aliyoyajaza mkulima kuhusu ardhi na shughuli zake, pamoja na ramani za mashamba. Maofisa wengine hukitumia kama ukuta wa kuzuia kila kitu. Kisome mwenyewe. Ndani yake mna ruhusa ya wazi ya kutoa habari za malipo, pamoja na majina na anwani za waliolipwa. Ukikataliwa orodha ya malipo kwa kutajiwa 1619, nukuu ruhusa hiyo kwenye rufaa yako.

Hatua ya 9: Kabla ya kuchapisha

Anwani nyingi kwenye faili ni nyumba za watu. Ni halali kuzipata, lakini usizichapishe, kaunti inatosha. Mpigie kila unayemtaja, mpe muda wa kujibu, na mweleze hesabu uliyofanya ili aweze kuisahihisha. Eleza kwa msomaji kanuni ya malipo kwenye aya ile ile uliyotaja kiasi. Na kama una ushahidi wa udanganyifu, mkaguzi mkuu wa Wizara ya Kilimo ana namba ya kupokea taarifa, mpe nakala.

Hatua ya 10: Kenya, na barua unayoweza kuituma

Mei 23, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mpango wa kufufua uchumi wa Sh53.7 bilioni, wenye sehemu nane. Katika kilimo, Sh3 bilioni zilitengewa pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000 kupitia vocha za kielektroniki, na Sh1.5 bilioni zilitengewa wakulima wa maua na mazao ya bustani ili wafikie masoko ya nje. Fanya hesabu ya kwanza papo hapo: Sh3 bilioni kwa watu 200,000 ni wastani wa Sh15,000 kwa mkulima. Hilo ni jambo ambalo wanakijiji wanaweza kulithibitisha kwenye baraza la chifu, wakipewa idadi ya waliopokea katika wadi yao.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza utaratibu. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Hulazimiki kueleza unataka habari za nini. Asiyejua kuandika anaruhusiwa kuomba kwa mdomo na afisa amwandikie. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Unachoweza kutozwa ni gharama ya kutoa nakala.

Barua iwe hivi:

"Kwa Katibu wa Wizara, Idara ya Kilimo, Nairobi.

Yah: Ombi la habari chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016

Mimi ni raia wa Kenya. Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na sehemu ya 8 ya Sheria iliyotajwa, naomba habari zifuatazo kuhusu mpango wa kufufua uchumi uliotangazwa Mei 23, 2020:

1. Idadi ya wakulima waliopokea vocha za pembejeo, kwa kila kaunti, kaunti ndogo na wadi, pamoja na thamani ya vocha zilizotolewa na ya zilizotumika.

2. Vigezo vilivyotumika kuwachagua wakulima hao.

3. Majina ya maduka na kampuni zilizolipwa kwa kupokea vocha hizo, na kiasi ambacho kila moja ililipwa.

4. Majina ya kampuni, vyama na vikundi vilivyonufaika na fedha za maua na mazao ya bustani, kiasi kilichotolewa kwa kila kimoja, na tarehe.

Naomba majibu kwa jedwali la kielektroniki. Iwapo sehemu ya habari hizi iko katika taasisi nyingine, naomba ombi hili lipelekwe huko na nijulishwe."

Nimeacha kwa makusudi kuomba majina ya wakulima 200,000. Mkulima aliyepata mbegu na mbolea za shilingi elfu chache ana faragha inayostahili kulindwa, na ukiyadai majina hayo unampa afisa sababu rahisi ya kukataa barua nzima. Kampuni na maduka hayana hoja hiyo, na huko ndiko fedha hukusanyika kwa wingi. Idadi ya kila wadi inatosha kuwafanya wenye wadi wenyewe wahesabu.

Peleka nakala mbili na ugongewe muhuri wa tarehe kwenye moja, au tuma kwa barua pepe na uhifadhi uthibitisho, kwa sababu siku zinaanza kuhesabiwa hapo. Wizara ina siku 21 za kujibu, na inaweza kuongeza 14 mara moja tu. Kama habari ziko kwingine, ombi linatakiwa kuhamishwa ndani ya siku tano. Muda ukipita kimya, sheria inahesabu kwamba umekataliwa, na una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile wengi wanayoiita Ombudsman. Ambatisha nakala yenye muhuri, taja tarehe ya mwisho iliyopita, na uorodheshe yale mambo manne kama yalivyo kwenye barua ya kwanza, bila kuongeza jipya, ili Tume isikurudishe mwanzo.